Mdogo Wangu Yuko Juu ya Ukungu

Jumatatu, 1 Juni 1998

Ukungu tena. Nimefika kiwanjani kabla ya jua, baiskeli imelowa kama imetoka mtoni. Mapipa meupe ya pembeni mwa njia ya ndege naona mawili tu. Soksi ya upepo, ule mfuko wa kitambaa unaoonyesha upepo unakotoka, sioni kabisa, nasikia kamba yake inagonga nguzo. Leo hakuna ndege, kwa hiyo hakuna neno. Nimefukuza mbuzi. Nimechemsha chai.

Mtwara wakaita kwenye redio kol. Rubani mzee wa ndege ya Jumanne na Ijumaa amestaafu, macho na mgongo. Mpya anaanza Ijumaa. Wakataja jina. Wakarudia, wakidhani sijasikia.

Nilikuwa nimesikia. Damasi. Mdogo wangu, tumbo moja.

Nikasema nimepokea. Chai ikapoa mkononi.

Jumanne, 2 Juni

Nimemwambia Mama Neema. Amepiga vigelegele peke yake jikoni. Mke wangu huyo, hajanipigia mimi vigelegele tangu harusi.

Niandike mara moja nisirudie tena. Tangazo la mafunzo ya urubani niliona mimi, kwenye gazeti lililofungiwa vitumbua. Mimi ndiye niliyemwambia Damasi tuombe wote. Tukaenda Dar pamoja, tukalala mkeka mmoja kwa mjomba. Hesabu nilimpita. Kiingereza nilimpita. Siku ya kupima macho wakanipa kitabu chenye madoa ya rangi, niseme naona namba gani. Sikuona namba. Niliona madoa; wakasema macho yangu hayatofautishi rangi. Damasi alikuwa nyuma yangu kwenye foleni. Akazisoma zote kama anasoma somo la kwanza kanisani.

Yeye akabaki. Mimi nikarudi Nachingwea juu ya magunia ya chumvi. Baadaye nikapata kazi hii, na kazi hii ni ya macho. Kiwanja chetu hakina chombo cha kumsaidia rubani kushuka asipoona. Chombo ni mimi. Nasimama mlangoni mwa kibanda, namwambia naona umbali gani, upepo unatoka wapi, njia ina mnyama au haina. Yeye anaamua.

Mungu naye ana mzaha.

Ijumaa, 5 Juni

Anga safi kabisa. Hata ukungu umemheshimu.

Walikuja na lori kutoka Mbekenyera. Baba na koti lake la Krismasi. Skola, dada yetu, amemshika Mama mkono. Mama haoni tena, mtoto wa jicho macho yote mawili, anatofautisha mchana na usiku basi. Wajomba, majirani, watu nisiowajua. Wamejipanga uzioni kama ni siku ya kura.

Alitua vizuri. Niseme ukweli. Magurudumu yaligusa chini kama mtu anayeweka sahani mezani. Akazima injini, mapanga ya injini yakazunguka yakachoka, akashuka. Shati jeupe, mistari mabegani. Mama akampapasa ile mistari kwa vidole, mmoja mmoja, huku analia.

Damasi alinifuata mimi kwanza kabla ya wakubwa. "Shikamoo, kaka." Mbele ya watu wote, kichwa kimeinama. Nikaitikia. Nilitafuta kosa kwenye ile shikamoo, sikuliona. Hilo nalo likaniudhi.

Baba alikuwa anawaeleza watu. Akaninyooshea kidole. "Na huyu ndiye kaka yake. Yuko hapa hapa, anasaidia."

Anasaidia.

Jumapili, 7 Juni

Padre amempongeza Baba kutoka altareni. Mama Neema amevaa kitenge alicholetewa na Damasi. Nikamwambia rangi hiyo haimpendezi.

"Rangi gani?" akaniuliza.

Mpaka sasa sijui ni rangi gani.

Ijumaa, 12 Juni

Siku mbaya.

Ukungu ulishuka alfajiri, ule mnene mfupi unaolala juu ya nyasi. Ukipanda kwenye ngazi ya tangi la maji kichwa kinatokeza juu yake. Nikiwa chini naona mapipa mawili. Nikazunguka njia yote kwa baiskeli maana kwa macho haizungukiki, kengele inalia nisigongane na ng'ombe. Njia safi. Nikarudi redioni.

Nikamsikia juu yetu kabla hajaita.

"Nachingwea, habari za asubuhi, nipe hali."

"Ukungu. Upeo mapipa mawili. Upepo hakuna. Njia haina kitu."

"Kaka, mimi naona njia yote kutoka hapa. Nakuona mpaka na wewe."

Najua alichokuwa anakiona. Yule rubani mzee aliwahi kunieleza. Ukiwa juu kabisa, ukitazama chini wima, ukungu mfupi ni kama chandarua, unaona kitanda na mtu aliyelala. Lakini ukishainamisha pua uje kutua, unautazama kwa urefu wake. Chandarua kinakuwa ukuta. Damasi naye anajua, alifundishwa. Nikamwambia mapipa bado mawili. Akasema amepokea, anajaribu.

Akaja. Nilisikia injini zinashuka upande wa Masasi, zinakaribia, zinakaribia, sioni kitu. Halafu zikanguruma kwa nguvu zote, ndege ikapita juu ya bati la kibanda, sijui urefu gani, vumbi la dari likaniangukia. Amepanda tena.

Akazunguka. Jua likaanza kula ukungu. Mapipa yakawa matano, yakawa tisa. Akatua.

Waliompokea walikuwepo, bwana mkubwa mmoja mnunuzi wa korosho na watu wa ofisi za wilaya. Wamesikia ile ndege ilivyopita juu ya mabati. Mmoja akauliza kulikoni. Damasi akacheka. Akaniwekea mkono begani. "Kaka yangu huyu ana ukungu wake binafsi. Anaamka nao nyumbani."

Wakacheka wote. Yule wa korosho akacheka mpaka akakohoa.

Na mimi nilicheka. Ndicho kinachoniuma zaidi.

Jumamosi, 13 Juni

Nilitamani jana atue vibaya. Kidogo tu. Gurudumu lipasuke, ndege ikae upande, watu washuke kwa miguu yao wakipangusa suruali. Asiumie mtu. Waone tu.

Nimeandika. Limeandikika.

Jumanne, 16 Juni

Damasi amekula kwetu mchana. Ugali wa muhogo, mbaazi za nazi, na Mama Neema kachinja jogoo niliyesema asimguse mpaka Neema apate kipaimara.

Akasema amepata daktari wa macho Dar. Mama atapasuliwa. Wiki ijayo anamchukua kwenye ndege, kampuni imekubali kiti kimoja. Daktari huyo anapasua siku mbili tu halafu anasafiri, wakikosa hizo wasubiri mwaka mwingine.

Mama Neema akaweka mikono kifuani akamshukuru Mungu. Mimi nikaendelea kutafuna.

Ni mimi ninayempeleka Mama kwa madaktari wa macho wanaopita hospitali ya misheni. Ni mimi niliyemshika mkono mara zote, tukafika wameondoka, tukafika dawa zimekwisha, mvua za mwaka huu zikakata daraja hatukufika kabisa. Miaka yote hiyo mkono wake ulikuwa kwenye mkono wangu. Leo Damasi amekuja na paja la kuku mdomoni, amemaliza.

Ningefurahi. Mtu mzuri angefurahi.

Jumapili, 21 Juni

Nimekwenda Mbekenyera kusaidia ufuta. Tumekung'uta kutwa, mbegu zimejaa masikioni. Baba haongei kitu kingine. Ndege ina viti vingapi. Ndege inakunywa mafuta gani. Mimi nafanya kazi na ndege mwaka wa saba, hajawahi kuniuliza hata soksi ya upepo ni ya nini.

Jioni Mama kanipapasa uso. Akasema, "Fideli, umekonda." Nikasema ni ufuta, kazi nyingi. Akasema, "Siyo ufuta."

Jumatatu, 22 Juni

Mama na Baba wamelala kwetu. Damasi naye, safari hii ndege imekuja leo ikalala kiwanjani, kesho wanaondoka asubuhi mapema. Yule bwana wa korosho anaondoka nao, ana kikao Dar. Ametuma dereva kuuliza mara mbili kama ni saa kumi na mbili na nusu kamili.

Mama amefunga nguo zake kwenye kanga. Sabuni, rozari, ming'oko ya kuchemsha, vile viazi vya porini, ya kumpelekea mjomba. Hajawahi kupanda hata basi la kwenda Lindi bila kutapika. Haogopi hata kidogo.

Jumanne, 23 Juni

Naandika mchana huu huu kabla mikono haijasahau.

Ukungu. Siyo ule mfupi wa siku ile. Huu ulikuwa umepanda. Nilipanda ngazi ya tangi la maji, sikutokeza kichwa. Kutoka kibandani pipa la kwanza naliona, la pili nalikisia. Tumemleta Mama kwa mkokoteni wa jirani. Nikamweleza kwamba kuna ukungu mzito, wasubiri kidogo.

"Ukungu wa leo ukoje?" akauliza.

"Kila kitu cheupe, Mama. Huoni mbele."

"Ala. Mbona mimi ndiko ninakoishi?" Akacheka. Damasi akacheka. Mimi pia, na safari hii nilicheka kweli.

Nikachukua baiskeli nikaenda mpaka mwisho wa njia na kurudi. Sikuona mnyama. Lakini watu wa upande wa pili hukatisha njia asubuhi kwenda mashambani, na ng'ombe hupenda kulala kwenye changarawe. Mtu akiwa ameshapita na baiskeli, nyuma yake anaweza kuingia yeyote. Siku isiyo na ukungu namwona kutoka kibandani na kumpigia filimbi. Leo nisingeona hata tembo.

Nikampa Damasi hali. Nilimpa kwa mdomo, tumesimama ana kwa ana, lakini nikaitoa kama redioni. "Upeo pipa moja. Upepo hakuna. Njia nimeipita, siwezi kusema iko wazi sasa hivi."

Anajua sheria yao. Ili aruke lazima aone mbele kiasi cha kuweza kusimama kikitokea kitu. Na akishapaa, injini moja ikifa, awe na mahali pa kurudi. Hapa asingerudi. Mtwara nako walikuwa wamesema wamefungwa na ukungu. Alijua yote hayo. Niliona alivyouma mdomo wa chini, anavyofanya tangu mtoto akiwa ameulizwa swali darasani.

"Tusubiri kwa saa moja," nikasema.

Bwana wa korosho alikuwa anatazama saa yake. "Kapteni, hawa wa chini wao hawana haraka, wanalipwa hata ndege isiporuka. Mimi kikao ni saa nne." Halafu, "Au nimwambie mkurugenzi wako kwamba tulimsubiri kaka yako?"

Damasi akanitazama, akatazama uzio. Baba yuko uzioni, koti la Krismasi, mkono juu tayari anapunga. Hata ndege haijawashwa.

"Nikiwa kitini nitaona mapipa mawili," Damasi akasema. "Kiti kiko juu."

"Damasi."

"Naona mawili, kaka."

Wakapanda. Mama alinyanyuliwa mlangoni, ameshika kanga yake. Injini ya kwanza, ya pili. Ndege ikaenda taratibu mpaka mwanzo wa njia, ikageuka. Ilipogeuka nikaipoteza, ikabaki taa tu, halafu hata taa ikawa kama mwezi wa ndani ya maziwa. Akaanza kupandisha moto wa injini, anakanyaga breki. Najua zile sauti. Baada ya hiyo anaachia.

Sikuamua. Nataka niandike hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Miguu ilishatoka kibandani. Nilikimbia nikifuata sauti mpaka nikaiona pua, nikasimama katikati ya njia mbele yake, karibu, anione. Mikono nimeipandisha juu nimeipishanisha, ile alama ya kusimama. Upepo wa mapanga ulinivua kofia. Shati likanipiga usoni. Nilimwona Damasi kwenye kioo na yeye akaniona. Injini zikanguruma pale pale. Sijui muda gani. Nilifikiri, akiachia breki nitajua mimi ni nani kwake.

Zikapungua. Zikazimika, moja halafu nyingine. Kimya kikawa kikubwa, nikasikia Mama ndani anasali kwa sauti.

Bwana wa korosho alishuka anatukana. Mambo ya mama zetu, na mama yetu yuko nyuma yake. Kwamba atahakikisha nauza karanga stendi. Damasi hakushuka. Alikaa kitini anatazama vifaa vyake.

Baba alivuka uzio. Hakunipigia kelele, alisogea karibu kabisa. "Wewe macho yako yalikataliwa Dar. Leo unamzuia nani asiyeona?" Akatema mate pembeni. "Wivu utakuua, Fidelisi. Na mama yako atabaki kipofu."

Tukasubiri. Jua lilipanda, ukungu ukaanza kupasuka vipande. Ukapanda wote kwa pamoja, kama mtu aliyevuta pazia. Njia ikaonekana kutoka mwanzo hadi mwisho.

Haikuwa na kitu. Sikuona ng'ombe wala mtu wala mbuzi. Sikuona hata kunguru. Changarawe tupu, imelowa, inang'aa.

Waliruka. Alipaa vizuri.

Jumatano, 24 Juni

Sijalala. Najiuliza jambo moja. Je, angekuwa rubani mwingine, na mama wa mtu mwingine, ningesimama mbele ya mapanga? Au ningetoa hali yangu, nikaandika saa, nikanywa chai?

Na jingine. Mapanga yaliposimama nilifurahi. Kabla sijamkumbuka Mama, kabla sijamshukuru Mungu. Kwa mara ya kwanza ndege yake ilinitii mimi. Nilifurahi nikausikia utamu wake mpaka kwenye meno.

Sasa huyo aliyesimama pale ni nani?

Ijumaa, 26 Juni

Mkubwa wangu ameita kutoka Mtwara. Amelalamikiwa kutoka juu. Nikae nyumbani mpaka wakae waamue. Mlinzi wa kiwanja atashika redio. Mlinzi mwenyewe anaogopa redio, anaishika kama nyoka.

Nimeuliza kama Mama amefika kwa daktari kwa wakati. Akasema yeye hajui habari za mama yangu.

Jumatatu, 29 Juni

Mama Neema kasimama mlangoni na ungo. "Baba Neema, niambie ukweli. Ulikuwa unamwogopea mama yako, au ulikuwa unamkomoa Damasi?"

Nikasema sijui.

Nilidhani atakasirika. Akakaa chini akaanza kupepeta. Baadaye sana akasema, "Angalau hujanidanganya." Kitenge kile hajakivaa tena. Sikumkataza.

Jumamosi, 4 Julai

Nalima bustani ambayo haihitaji kulimwa. Jana nilisikia ndege yake. Inashuka, inatua, inaondoka. Hakuja nyumbani, hakutuma neno. Mji mzima una neno. Sokoni kijana wa nyanya kaniuliza kama leo kuna ukungu kwenye nyanya zake.

Baba hajanitumia salamu. Skola katuma neno kwa muuza ufuta, kwamba Mama alipasuliwa. Alifika. Daktari alimsubiri. Mengine hajui.

Alimsubiri. Basi hata ile saa niliyowachelewesha haikuharibu kitu. Na haikuokoa kitu. Naona kama sikufanya chochote siku ile, isipokuwa kujionyesha moyo wangu ulivyo.

Ijumaa, 10 Julai

Ndege imelala Nachingwea leo, abiria wake wana kazi mpaka kesho. Jioni nikasikia hodi. Damasi, na Mama mkono wake wa kulia. Lakini hakuwa anamshika. Mama alikuwa anatembea mwenyewe. Miwani mikubwa myeusi, anatazama chini kila anapokanyaga, kama mtu anayevuka maji.

Akavua miwani mlangoni. Akanitazama. Nilikuwa nimesahau jinsi Mama anavyotazama.

"Fideli. Una mvi!"

Akamcheka Neema alivyorefuka. Akatazama kuta, akatazama sufuria, akauliza nani kapiga chokaa vibaya namna hii. Nani mwingine.

Mama Neema akampeleka jikoni. Tukabaki wawili uani. Damasi hakuwa na shati la mistari. Alivaa fulana, kandambili. Akaokota mkaa akawa anauvunja vunja vidoleni.

"Nilikuwa sioni mawili," akasema. "Siku ile. Nikiwa kitini. Niliona lile moja, tena nusu."

Nikavuta kigoda nikakaa.

"Yule bwana nyuma yangu anahesabu dakika. Baba kule uzioni, simwoni lakini najua anapunga. Nimeshawasha. Sikujua namna ya kuzima, kaka. Mkono ulikuwa uko pale, ukashindwa. Ulipotokea mbele yangu nilisema, asante."

"Ulisema?"

"Ndani ya ile kofia ya redio ya masikioni. Nani angesikia."

Nikamuuliza kwa nini amekaa muda wote huu bila kusema. Akasema alikuwa amekwisha kunicheka mbele za watu, na mtu akishamcheka mkubwa wake ni vigumu kurudi. Halafu akasema ameshawaeleza wakubwa wake na wangu kwamba kuzima ndege ulikuwa uamuzi wake yeye rubani, kwamba mimi nilitoa ishara tu, na ishara ilikuwa sahihi. Yule bwana amenuna, atapanda gari.

Kwa hiyo hata kunitetea amenitetea yeye. Hilo nalo nikalionea wivu, pale pale, mkaa ukiwa bado unavunjika mkononi mwake. Nikamwambia. Sijui nilipata wapi mdomo.

"Damasi, nakuonea wivu. Tangu kile kitabu cha madoa."

"Najua," akasema. "Mbele za watu Mama ananiita kapteni. Lakini safari nzima ya kwenda Dar amenishika bega ananiita Fideli."

Hatukukumbatiana. Mama Neema akaita chakula.

Jumatatu, 13 Julai

Mkubwa ameita. Nirudi kazini kesho. Ameongeza kwamba nisisimame tena mbele ya ndege ya mtu. Nikasema sawa. Sijui kama ni kweli.

Mlinzi amenikabidhi redio kwa mikono miwili.

Baba hajasema samahani na hatasema. Amemtuma Skola na debe la mbaazi mbichi. Juu ya mbaazi kaweka kuku, miguu imefungwa. Kuku ni wa mgeni. Sijui mimi sasa ni mgeni au vipi. Nimempokea.

Ijumaa, 17 Julai

Ukungu. Naona mapipa matatu, la nne linakuja na kuondoka. Nimezunguka njia, nimefukuza ndama wawili. Baridi. Mama Neema amenifungia uji kwenye chupa, bado wa moto.

Nikamsikia juu. Huko aliko kuna jua, najua, kweupe mpaka baharini, na chini yake mimi niko kwenye pamba. Kile kitu kikaniuma tena mahali pale pale. Hakijaondoka. Nilidhani kitaondoka.

"Nachingwea, habari za asubuhi. Nipe hali, kaka."

"Mapipa matatu. Upepo hakuna. Njia safi. Bado."

Redio ikakwaruza kidogo.

"Haya. Nina mafuta ya kutosha. Nazunguka."

Nikamimina uji. Injini ilikwenda mbali upande wa Ruangwa, ikarudi, ikaenda tena. Nikatoka nje nikasimama na kikombe, nikitazama mahali pa pipa la nne.